Nilivyohudumia caliper ya pikipiki ya baba mkwe bila kumwaga brake fluid, na bila kuruhusiwa kumtazama

Wakuu, kamwene kwa watu wa Iringa, mugonile kwa watu wa Mbeya, na wengine wote salamu ziwafikie hapo mlipo.

Hii si chai. Yamenikuta mwenyewe. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu wakwe zangu wana wajukuu wanaoshinda humu mitandaoni na sitaki kesi.

Uzi una mambo mawili ndani yake: breki na ukwe. Mliokuja kwa ajili ya breki vumilieni ukwe, na mliokuja kwa ajili ya ukwe vumilieni breki. Sikuweza kuvitenganisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, Mhehe wa Mufindi, kazi yangu afisa ugani. Kituo changu ni pande za Nyololo, na wakulima wangu wengine wako huko chini njia ya Mgololo.

Ofisi ilinipa pikipiki yenye breki ya disc mbele na ya drum nyuma. Anayejua barabara zile, vumbi la kiangazi, matope ya masika na malori ya magogo, hana haja nimweleze breki inavyoteseka.

Kumfuata fundi ni kupoteza nusu siku. Kwa hiyo nikamwomba fundi mmoja pale Nyololo anifundishe kusafisha mwenyewe caliper, kile kibano cha pedi kinachoishika disc. Akanifundisha, na tangu hapo naisafisha kila nikiona gurudumu la mbele limeanza kuwa zito.

Nikiwa nafanya kazi ile wanaume wakipita wanasimama kutazama. Mmoja aliwahi kuniuliza kama mume wangu anajua. Nilimjibu kwamba anajua, na yeye ndiye ananishikia tochi.

Sasa tuje kwenye ukwe.

Nimeolewa na Mnyakyusa. Tumwite Ambokile, ni mwalimu. Kwao ni huko juu ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, sehemu za baridi, za viazi na ng'ombe wa maziwa.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Sio kwamba wamegombana. Ndiyo heshima yenyewe ilivyo. Wenyeji mtanisahihisha, maana kila ukoo una namna yake, na mjini wengi wameshaacha, wanakaa sebule moja wanaangalia mpira pamoja.

Baba mkwe wangu hajaacha.

Mimi na yeye hatutazamani, hatusalimiani, hatuongei. Akirudi nyumbani anakohoa tokea kule kwenye uzio wa mianzi, mimi naingia jikoni. Ujumbe wote unapita kwa mama mkwe au kwa Ambokile. Hata tukiwa tunasikiana, lazima mtu wa katikati aurudie.

Mwanzoni nilikuwa nacheka. Nilimwambia Ambokile, "Kwetu baba mkwe unapiga goti, unamsalimia, unampa maji ya kunawa, mmemaliza. Hii yenu najificha kama nimeiba kuku."

Ambokile akaniambia, "Wewe jifiche tu. Utakuja kuona."

Na kweli nikaja kuona. Nina mashoga zangu wanaoishi na wakwe wanaofunua masufuria na kuuliza nyama imeenda wapi. Mimi jiko langu halijawahi kuingiliwa. Mzee wangu hajawahi kuninyooshea kidole wala kuniuliza kwa nini nimezaa wa kike watupu. Tukiwa tunaondoka, nakuta kiroba cha viazi mlangoni, vile vikubwa vya kuchagua, na hakuna anayesema nani kakiweka.

Kwa hiyo naiheshimu ile mila. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea, wasije watu kwenye comments na maneno ya ushamba.

Likizo iliyopita tulikwenda kuwaona.

Mzee ana pikipiki ya cc 150, na umri wake ni wa mtu mwenye vitukuu. Kila asubuhi anafunga madumu ya maziwa huku na huku, anateremka kuwapelekea wateja wake Uyole. Anapenda ile safari. Mama mkwe anasema siku ambayo hajateremka anakuwa mkali hadi kwa ng'ombe.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa jikoni nawasha moto. Nikamsikia anakohoa, anaisukuma pikipiki hadi njiani. Nikasubiri mlio wa injini.

Haukuja.

Nilichosikia ni gurudumu tu likiteremka, shii, shii, shii, mpaka likapotea bondeni.

Mnaokaa milimani mmeshanielewa. Mzee anateremka na free, injini imezimwa, ili kubana petroli. Huku kwetu ni tabia ya wengi, hata bodaboda wa mjini wanafanya. Uzito wote wa mtu, chombo na mzigo unabaki mikononi mwa breki, na mteremko ule ni mrefu, una kona, na chini unakutana na malori ya barabara kuu.

Na ile shii, shii ilikuwa inaniambia kitu kingine. Gurudumu linalozunguka huru halisemi. Likisema hivyo muda wote ujue pedi zimeng'ang'ania disc hata mtu akiachia mkono wa breki. Pistoni zinazozisukuma zimekwama kwa uchafu, au zile pini ambazo caliper inateleza juu yake zimekauka.

Breki inayong'ang'ania inapata moto. Ikipata moto sana na brake fluid, yale mafuta ya breki, inachemka, na ikichemka unabonyeza mkono wa breki unaingia wote kama umebonyeza sifongo, chombo hakisimami. Inachagua kukufanyia hivyo chini kabisa ya mteremko, ambapo umeshaitumia sana.

Aliporudi, nilisubiri aingie ndani, nikatoka nikasogeza kiganja karibu na disc. Joto lake lilinifikia kabla sijagusa. Harufu ya pedi kuungua ilikuwa inanukia banda zima la pikipiki.

Wakuu, niliogopa. Sisemi kwa kupamba. Kichwani nilimwona mzee yule na madumu yake kwenye kona ya mwisho, anabonyeza, hakuna kitu.

Nikamwambia Ambokile. Ambokile akaenda kwa baba yake. Jibu likarudi: fundi wa Uyole aliitazama, akasema iko sawa.

Nikamwambia Ambokile arudi tena, amweleze habari ya joto. Jibu likarudi: breki ikifanya kazi lazima ipate joto.

Nikamwambia amweleze habari ya kuzima injini. Ambokile akakataa. "Hilo sipeleki. Baba ameteremka mlima ule tangu sijazaliwa. Nikimwambia mimi, ambaye pikipiki naipanda kwa kubebwa, atanifukuza."

Hapo ndipo niliona ubaya wa ujumbe wa kupeleka. Unaondoka kwako ukiwa na uzito wake, anayeubeba anaupunguza kidogo kwa kuogopa, na ukifika umekuwa mwepesi mno. Ningeweza kumweleza mzee mwenyewe, kwa sauti yangu na hofu yangu, huenda angesikia. Lakini njia hiyo haikuwepo.

Mama mkwe ndiye aliyefanikisha. Sijui alimwambia nini. Jumapili baada ya ibada akaja jikoni akasema, "Mwanangu, mzee amekubali uioshe hiyo breki yake. Yeye ataenda kukaa kwa jirani mpaka umalize. Mimi nitakaa hapa mlangoni nachambua maharage, akirudi mapema nitamzuia."

Ambokile alikuwa amekwenda kumwona baba yake mdogo mgonjwa. Tukabaki mimi na mama.

Shida ya kwanza ilikuwa brake fluid. Pale nyumbani ilikuwepo chupa moja stoo, imefunguliwa zamani, kifuniko kimelegea. Ile haifai, ndugu zangu. Brake fluid inanyonya unyevunyevu wa hewani, na kwa ukungu wa kule juu ndio kabisa. Duka la karibu wana oili ya injini na vocha, basi. Na kwenda Uyole Jumapili ile, gari la abiria halipo, ilikuwa ni kuiteremsha pikipiki ileile.

Kwa hiyo iliyomo ndani ya mfumo haikutakiwa kupotea hata tone. Ikimwagika, upepo unaingia. Upepo ukiingia lazima uutoe, na kutoa upepo kunataka fluid mpya na watu wawili, mmoja kwenye mkono wa breki, mwingine chini kwenye nipple, kile kichuchu cha kutolea upepo.

Mpango wangu ukawa nifanye kila kitu bila kufungua mfumo. Inawezekana kabisa. Mpira unaoleta mafuta kwenye caliper haufunguliwi. Ile nipple haiguswi.

Unalegeza kwanza pini ya pedi wakati caliper bado imeshikiliwa na shokapu, maana ikishaning'inia hutapata nguvu. Halafu unafungua bolt mbili zinazoishika caliper kwenye shokapu, unaivuta itoke kwenye disc, na unaifunga kwa kamba ili uzito wake usivute mpira wa mafuta. Mimi nilitumia kamba ya katani ya kufungia viroba.

Pedi zikatoka. Zilikuwa zimeisha upande mmoja zaidi ya mwingine, kitu kinachoonyesha caliper haitelezi. Pini za kutelezea nilizichomoa kwa kuzungusha na kuvuta. Grisi yake ilikuwa imegeuka udongo.

Fundi fulani, sijui wa wapi, alipaka grisi ya kawaida ya bearing. Grisi ile inavimbisha mipira. Inatakiwa ya silicone, na kitube kidogo cha kwangu ninatembea nacho kwenye mkoba pamoja na lipstick.

Zikabaki pistoni. Zilikuwa na ukoko mweusi pembeni. Ukizisukuma ndani na ukoko ule, unaharibu sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, na sili ikiharibika fluid inavuja. Kwa hiyo unabonyeza mkono wa breki taratibu zitoke kidogo tu, unazuia kwa kipande cha mti katikati zisitoke zaidi, kisha unasugua kwa mswaki na maji ya sabuni. Petroli hapana, dizeli hapana, zinakula mipira.

Nilizitoa kidogo. Nikaondoa kile kipande cha mti ili mswaki upite nyuma. Nikasugua mpaka chuma kikaanza kung'aa. Pistoni moja ikalainika kabisa, nyingine bado ngumu.

Maji yakawa meusi. Nikachukua beseni nikaenda jikoni kubadilisha.

Sasa naomba mtulie hapa.

Nyuma ya nyumba ndama akaanza kulia, kumbe amejizungushia kamba shingoni. Mama mkwe akaacha maharage akakimbia huko. Na baba mkwe, nadhani moyo haukutulia kwa jirani, akarudi. Akapita nyuma ya mianzi. Akachungulia bandani, akaona hakuna mtu. Hakukohoa, kwa sababu hakuona wa kumkoholea.

Mimi nageuka na beseni langu mlangoni mwa jiko, namwona mgongo. Amesimama kwenye usukani wa pikipiki yake.

Mwenye pikipiki akiishika anafanya nini? Hata iwe imesimama, hata iwe haina gurudumu, mkono wenyewe unakwenda kwenye breki.

Akabonyeza.

Caliper ikatikisika kwenye kamba. Nikaiona ile pistoni laini ikisogea.

Akabonyeza tena. Pistoni ikasogea tena.

Kwa jinsi nilivyoiona, bonyezo moja zaidi ingeruka nje. Fluid yote ingemwagika chini, na kesho asubuhi wateja wanasubiri maziwa. Na mzee wangu sio mtu wa kulala nyumbani kwa sababu ya breki ya mbele. Angeteremka na ile drum ya nyuma peke yake.

Nilitafuta mtu wa katikati. Nawaambia ukweli, nilitazama kushoto na kulia nikimtafuta mama. Lilikuwa ni suala la sekunde, lakini nakumbuka vizuri nilivyokuwa natafuta mdomo wa kuazima.

Hakukuwa na mtu. Mkono wake ukaanza kukaza.

"Baba! Usibonyeze! Achia!"

Akaganda. Mkono juu ya breki, hageuki. Beseni liliniponyoka, maji ya moto yakanimwagikia miguuni na sikuyasikia.

"Achia polepole, baba. Usibonyeze tena."

Akaachia. Kisha akageuka taratibu upande wa uzio, akaipa mianzi uso wake wote.

Mimi nikavuta khanga nikajifunika kichwa, nikachuchumaa palepale mlangoni. Ndoa yangu yote sikuwahi kumwambia mzee yule neno moja, na la kwanza limekuwa amri, tena kwa kelele.

Halafu tukawa tumekwama. Mnanielewa? Banda lile lina njia moja ya kutokea, na inapita mbele ya mlango wa jiko, nilipo mimi. Yeye hawezi kutoka bila kunipita. Mimi siwezi kwenda kwenye pikipiki kwa sababu yupo yeye. Na caliper inaning'inia pale na pistoni imetoa ulimi.

Ndama amenyamaza.

Mzee akakohoa. Sio kile kikohozi chake cha uzioni. Hiki kilikuwa cha mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Imeharibika?"

Aliuliza mianzi. Lakini mianzi haikuwa na jibu.

Nikasema, "Sijui, baba. Mpaka niitazame."

Akasema, "Basi njoo uitazame. Mimi naangalia huku."

Nikaenda. Nimejifunika, nimeinama, nikapiga goti upande wa gurudumu. Pistoni ilikuwa imetoka zaidi ya nusu, lakini sili ya ndani bado ilikuwa imeishikilia. Kulikuwa na unyevu kuizunguka, hakuna tone lililodondoka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

"Haijamwagika, baba. Lakini lazima nizirudishe ndani zote mbili."

"Zirudishe."

"Nikizirudisha, mafuta yanapanda kule juu kwenye kikombe cha usukani. Yakifurika yatamwagika, na yanabandua rangi. Mama angekuwepo angenitazamia."

Yeye akasema, "Kikombe kiko huku niliko."

Wakuu, hapo ndipo nilipoielewa ile kazi upya. Nimeifanya mara nyingi peke yangu, nikisukuma chini, nikinyanyuka kuchungulia juu, nikirudi chini. Kumbe ni kazi ya watu wawili wasiotazamana. Mmoja macho yake yanatakiwa kwenye gurudumu, mwingine macho yake yanatakiwa kwenye usukani. Ukimtazama mwenzako umeharibu.

Nikamwomba afungue kifuniko na azungushie kitambaa. Bisibisi nilikuwa nayo mimi. Nikaiweka chini, nikasogea nyuma, yeye akainama kinyumenyume akaiokota. Mngeona mngecheka. Mimi pia nilicheka, ndani ya khanga.

"Tayari," akasema.

Nikamalizia kusugua, nikafuta, nikaanza kusukuma kwa vidole gumba, ile laini kwanza.

"Yanapanda," akasema. "Yanapanda. Yanapanda kidogo. Simama."

Nikasimama.

"Yametulia. Sukuma."

Ile ngumu ilinitoa jasho. Nilitumia kipande cha mti na pedi ya zamani. Mzee akawa anahesabu kupanda kwa mafuta kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwongoza dereva kurudisha lori nyuma. Sauti yake nilikuwa naijua kupitia ukuta. Sikujua kwamba kwa karibu ni ya upole hivi.

Pistoni zikaingia. Juu hayakumwagika. Pini nikazipaka silicone, caliper ikawa inateleza kwa kidole. Pedi zikarudi, bolt zikakazwa.

"Sasa baba funga kifuniko, halafu bonyeza. Polepole. Mwanzo itaingia yote, usishtuke, endelea."

"Nibonyeze?"

"Bonyeza, baba."

Akabonyeza, akabonyeza, mpaka akasema, "Imekuwa ngumu."

Hatua hiyo msiisahau nyie mnaojifunza. Ukipanda bila kupampu kwanza, breki ya kwanza utakayoitafuta hutaipata.

Nikainua gurudumu, nikalizungusha. Halikusema kitu.

Na hapo nikajua dakika ile ikipita hairudi. Mama akitokea, mlango umefungwa. Likanitoka.

"Baba, asubuhi usizime injini mteremkoni."

Nikaendelea.

"Weka gia. Injini ikushikilie. Breki peke yake haiwezi kukubeba wewe na maziwa, hata iwe safi namna gani."

Akasema, "Petroli inakwenda bure."

Nikasema, "Petroli tutanunua. Baba hatutanunua."

Nilijutia saa ileile. Nilijua nimevuka. Kumwokolea pikipiki ni kitu kimoja, kumfundisha mzee mlima wake ni kingine. Mgongo wake haukusogea. Nikawa natazama spana zangu nikisubiri maneno yoyote yatakayokuja.

Kilichokuja ni mama mkwe, na kamba ya ndama mkononi. Alipotukuta tumesimama vile, mimi nimefunikwa gubigubi upande huu, mumewe ameitazama mianzi upande ule, pikipiki katikati, akashika kinywa.

"Yesu wangu!"

Mzee hakumwacha aendelee. Akasema, kwa sauti yake ya siku zote, "Mama Ambokile. Mwambie mkwe wako ndaga."

Mama akanitazama. Mimi nilikuwa umbali wa mkono kutoka kwa yule anayenishukuru.

"Mwanangu," akasema, "baba anasema asante."

"Mwambie baba asante kushukuru."

Akamwambia. Kisha nikaingia jikoni, na mzee akapita.

Jioni nzima sikula vizuri. Ambokile aliporudi nikamweleza yote. Nilitegemea akasirike. Aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, kumbe anacheka. Nilipofika kwenye ile ya "baba hatutanunua" akaacha kucheka. Akaniuliza, "Ulimwambia hivyo kweli? Akajibu nini?"

Nikamwambia hakujibu. Mama alitokea.

Akasema, "Basi hajibu tena huyo. Ndiyo imetoka."

Asubuhi nikaamka mapema kuliko mtu yeyote. Niliwasha moto, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nje ukungu umefunga.

Nikasikia kikohozi. Nikasikia madumu yanafungwa. Nikasikia pikipiki inasukumwa hadi njiani, pale mteremko unapoanzia.

Ikasimama.

Ikakaa pale muda ambao niliona mrefu. Nikajua anaondoka kama siku zote. Nikasubiri ile sauti ya gurudumu tupu.

Mzee akapiga kiki. Injini ikawaka. Akaingiza gia, ikaanza kuteremka inaunguruma kwa kujizuia, ule mlio wa gia ndogo inayoshikilia mzigo. Nikaifuata kwa masikio kona baada ya kona mpaka bondeni, na haikuzima.

Nililia, wakuu. Moshi wa kuni nao ulinisaidia kupata kisingizio.

Nilichojifunza nawaachia.

Kwa upande wa breki: caliper yako isafishe kabla haijakuambia kwa nguvu. Usifungue mpira wa mafuta kama hujajiandaa kutoa upepo. Ukiwa umeitoa kwenye disc, weka kipande cha mti katikati na usikiondoe bila mtu wa kulinda usukani. Na fluid yenyewe inazeeka, kusafisha caliper hakuifanyi iwe mpya. Ambokile aliteremka Uyole na gari la abiria akaleta chupa mpya iliyofungwa, na fundi akabadilisha.

Kwa upande wa ukwe: bado naiheshimu mila yao. Sijaja hapa kuisema vibaya. Ila nimejua kwamba heshima inaweza kukaa kimya mambo mengi, mpaka ifike mahali ukimya wenyewe unamteremsha mtu mlimani bila breki. Hapo sema, halafu urudi jikoni kwako.

Na tangu siku ile hatujaongea tena. Tulipoondoka hatukuagana. Anakohoa, naingia ndani. Kiroba cha viazi nilikikuta mlangoni.

Mama mkwe ananipigia simu mara kwa mara. Huwa namuuliza habari za ng'ombe, za mvua, za magoti yake. Siulizi habari ya injini. Yeye mwenyewe ndiye hunisogezea, kila mara mwishoni, kwamba mzee analalamika petroli siku hizi inaisha haraka.

Haya, uwanja wenu. Wenye mila za namna hii, mnafanyaje pakiwa na jambo la hatari na mtu wa katikati hayupo? Na mnaoteremka milima na free, mko wangapi humu, na nyumbani kwenu nani anawasikiliza mkiondoka?